Mishipa ya damu ina umri wake, na mkanda wa presha unaujua

Ukipita Mwanjelwa, au karibu na stendi za Iringa, hukosi kukuta meza yenye kitambaa cheupe, kompyuta ndogo na bango la "kipimo cha mwili mzima". Unashika kifaa cha chuma kama kalamu nene, unasubiri dakika moja, karatasi inatoka. Humo mna ini, figo, nguvu za kiume, na mstari mmoja unaosema unyumbufu wa mishipa yako ya damu uko chini ya kiwango. Ukishaingiwa na hofu, chupa za kusafisha mishipa zinapanda juu ya meza, kwa bei ambayo mkulima wa viazi wa Uyole anaifikia baada ya kuuza magunia.

Kinachonikera zaidi ya bei ni kwamba mstari ule umeazima jambo la kweli. Mishipa ya damu huzeeka, tena haizeeki kwa kasi moja kwa kila mtu. Yupo wa miaka 45 mwenye mishipa ya mtu wa 65, na yupo bibi wa 75 ambaye mishipa yake ingemfaa binti yake. Tofauti hiyo inapimika. Ila haipimwi kwa kushika chuma kiganjani: hakuna kinachopita pale kinachoweza kueleza hali ya ukuta wa mshipa ulioko nyuma ya mfupa wa kifua. Kipimo kinachomfaa mtu wa Mbeya, Njombe au Iringa kiko zahanati, kinatumika kila siku, na tunakisoma nusu.

Tuanze na mshipa wenyewe. Aota ndiyo bomba kuu linalotoka kwenye moyo. Moyo ukisukuma, aota hutanuka na kupokea damu. Moyo ukipumzika, aota hujirudi na kuisukuma damu hiyo mbele, ndiyo maana mtiririko haukatiki kati ya pigo na pigo. Kazi hii inafanywa na nyuzi za elastini. Mwili huzitengeneza kwa wingi tukiwa tumboni na miaka ya utotoni, kisha karibu uache kabisa. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kila pigo linazivuta nyuzi zilezile ulizokuwa nazo ukiwa chekechea. Kama mpira wa manati uliovutwa miaka, zinachoka na kukatikakatika. Nafasi yake inachukuliwa na kolajeni, ambayo ni imara lakini haivutiki, na kalsiamu nayo hujipachika humo. Bomba linakuwa gumu.

Kuna uzee wa pili, wa ndani zaidi. Mshipa una utando mwembamba unaogusana na damu, nao hutoa gesi ya nitriki oksaidi inayouambia mshipa ulegee. Ugunduzi huo uliwapa Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998. Moshi wa sigara, sukari iliyozidi kwenye damu na presha ya juu huudhoofisha utando huo. Lakini utando unaweza kupata nafuu ndani ya wiki au miezi ukiondoa kinachouumiza, ilhali elastini iliyokatika hairudi. Anayekuahidi kuirudisha mishipa ujanani anachanganya mambo mawili: sehemu moja inaponeka, nyingine inapunguzwa kasi tu.

Aota ikiwa ngumu, pigo la moyo halipozwi tena njiani. Linafika na nguvu zake kwenye ubongo na figo, viungo ambavyo mishipa yake midogo hupokea damu nyingi bila kizuizi kikubwa. Huko ndiko tunakokutana na kiharusi, figo kushindwa kazi, na aina ya usahaulifu wa uzeeni tunayoidhania kuwa ni umri tu.

Wataalamu wanapotaka kupima ugumu huo kwa uhakika, wanapima kasi ya wimbi la pigo. Kihisio kimoja kinawekwa shingoni, kingine kwenye kinena, na mashine inaangalia wimbi limechelewa kiasi gani kufika chini. Kama njia ni sentimita 50 na wimbi limetumia sehemu 5 za mia za sekunde, kasi ni mita 10 kwa sekunde. Hapo ndipo ulipo mpaka unaotumiwa na madaktari wa Ulaya: ukipita mita 10, aota imekuwa ngumu kiasi cha kutia wasiwasi. Kijana mwenye afya mara nyingi yuko chini ya mita 7. Kadiri ukuta ulivyo mgumu ndivyo wimbi linavyokimbia, na uhusiano huo uliwekwa katika hesabu na Moens na Korteweg mwaka 1878, enzi ambazo hakuna aliyekuwa na kompyuta ya kuweka mezani.

Vipo vipimo vingine: ultrasaundi ya mishipa ya shingo, CT ya kuhesabu kalsiamu kwenye mishipa ya moyo, na kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono (ya mguu ikigawanywa kwa ya mkono ikawa chini ya 0.9, mishipa ya miguu imeanza kuziba). Vyote ni vizuri mahali pake. Mtu mwenye dalili akiandikiwa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, aende. Ila kwa mwalimu wa Tukuyu ambaye hana dalili na anataka tu kujua mishipa yake inakwendaje, kumpakia basi la usiku kwenda Dar es Salaam kutafuta namba ya kasi ya wimbi ni kumpotezea nauli.

Maana mkanda wa presha unatoa namba mbili, na kati ya namba hizo kuna ya tatu ambayo karibu hakuna anayeiandika: tofauti yake.

Tuseme wameketi watu wawili kwenye benchi la kituo cha afya. Mmoja ni mzee wa miaka 68 kutoka Rungwe, presha 164 kwa 72. Mwingine ni dereva wa lori wa miaka 39 kutoka Mbalizi, 146 kwa 98. Nimesikia mara nyingi jinsi mazungumzo yanavyokwenda. Dereva anaambiwa, "Kaka, hiyo ya chini imepanda, ni hatari." Mzee anaambiwa, "Babu, ya chini yako nzuri kabisa, hiyo ya juu ni umri tu." Babu anashukuru, anachukua mkongojo wake, anaondoka.

Wote wawili wana presha ya juu, lakini mishipa yao haisimulii habari moja. Kwa dereva tofauti ni 48. Mishipa yake midogo imebana, ile mikubwa bado inavutika, na akianza matibabu leo atakuwa ameokoa nyuzi nyingi za elastini. Kwa mzee tofauti ni 92. Namba yake ya chini ni "nzuri" kwa sababu mbaya: aota haijirudi tena kuisukuma damu moyo unapopumzika, kwa hiyo presha inaporomoka kati ya mapigo. Kwa watu wengi, kuanzia miaka ya 50 hivi, namba ya juu huendelea kupanda huku ya chini ikianza kushuka. Kwa mtu mzima wa umri huo, tofauti ya 60 na zaidi inayojirudia kila akipimwa ni mshipa unaotaja umri wake.

Na ile "umri tu" ilishajibiwa siku nyingi. Mwaka 1991 utafiti wa SHEP wa Marekani, uliowahusisha watu 4,736 wa miaka 60 na zaidi wenye presha ya mtindo wa babu huyu, ulionyesha kuwa kuitibu kwa kidonge cha kupunguza maji mwilini kama dawa ya kuanzia kulipunguza kiharusi kwa asilimia 36. Mwaka 2008 utafiti wa HYVET ulikwenda mbali zaidi, ukawachukua waliovuka miaka 80, na vifo kwa waliotibiwa vikawa pungufu kwa asilimia 21 kuliko kwa wasiotibiwa. Kumwambia mzee wa 68 kwamba presha yake ni ya uzee, kisha kumwacha arudi Rungwe mikono mitupu, ni kumnyima tiba ambayo imethibitishwa kwa watu wanaoweza kuwa wakubwa zake.

Tahadhari ni muhimu. Tofauti kubwa huletwa pia na upungufu wa damu, homa, tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, au valvu ya moyo inayovuja. Kwa kijana wa miaka 20 anayecheza mpira, inaweza kumaanisha tu moyo wenye nguvu. Kwa hiyo namba moja ya siku moja haitoi hukumu. Kinachosema ni mwelekeo: 52 mwaka juzi, 58 mwaka jana, 66 mwaka huu. Daftari la shule linatosha kwa kazi hiyo.

Lakini namba ikipatikana vibaya, daftari litajaa uongo, na huku kwetu milimani tuna namna zetu za kuiharibu. Mtu amepanda kwa miguu kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini, anaingia akihema, anawekewa mkanda palepale. Au ni Julai pale Njombe, muuguzi anaonea huruma baridi na kufunga mkanda juu ya sweta. Au sweta linakunjwa mpaka linambana mkono juu kama kamba. Mtu apumzike dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga chini, mkono wazi umelala usawa wa moyo, kibofu kitupu, mdomo umefungwa. Apimwe mara mbili. Siku ya kwanza apimwe mikono yote miwili, kwa sababu tofauti ya 15 na zaidi kati ya mkono na mkono nayo ni ishara ya mishipa iliyoharibika. Baridi yenyewe hupandisha presha kidogo, hivyo vipimo vya Julai vilinganishwe na vya Julai, si vya Novemba.

Hapo msomaji wa Makete au Kilolo atasema haya ni mambo ya watu wa Dar. Sisi tunapanda milima, tunakula maharage na parachichi, tuna hewa safi. Hoja ina uzito. Mwaka 2017 jarida la Lancet lilichapisha utafiti juu ya Watsimane wa Bolivia, wakulima na wawindaji wanaotembea kutwa na kula vyakula vya shambani. Karibu asilimia 85 yao hawakuwa na kalsiamu yoyote kwenye mishipa ya moyo, na mzee wao wa miaka 80 alikuwa na mishipa ya Mmarekani wa miaka hamsini na kitu. Hapa kwetu, utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006, baada ya kusawazisha umri, ulikuta kiharusi kipya kwa takriban watu 109 katika kila 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 316 Dar es Salaam. Shamba linalinda.

Linalinda anayeishi kishamba, lakini. Kuzaliwa milimani peke yake si kinga. Nchini Kenya, Waluo waliohama kutoka kijijini kwenda Nairobi walifuatiliwa, na presha zao zilikuwa zimepanda katika miezi ya mwanzo tu, chumvi kwenye mkojo nayo ikiwa imeongezeka. Sisi hatuhitaji hata kuhama, mji umetufuata. Aliyekuwa akipanda kilima kwa miguu sasa anaita bodaboda. Jioni pale Kabwe chipsi zinanyunyiziwa chumvi mbele yako, kisha unaongezewa kopo ujinyunyizie tena. Kitimoto na bia vimeacha kuwa vya sikukuu, na msimu wa ulanzi ukifika Iringa kuna wanaoanza asubuhi. Mwaka 2012 takwimu za kitaifa zilikuta robo hivi ya watu wazima wa Tanzania wana presha ya juu.

Hewa safi nayo ni ya nje. Ndani, kwenye miezi ya baridi, jiko la mkaa au kuni linawaka chumba kilichofungwa ili joto lisitoke. Ukiacha hatari ya kufa usingizini kwa gesi ya mkaa, moshi ule unaugusa ule utando wa ndani wa mishipa siku hadi siku. Kwenye milima ya Guatemala, kwenye baridi na moto wa kuni kama wetu, wanawake waliopewa majiko yenye bomba la kutolea moshi walishuka namba ya juu ya presha kwa karibu pointi 4. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2007. Kwa mtu mmoja pointi 4 ni ndogo. Kwa tarafa nzima ya wanawake wanaopika kila siku si ndogo hata kidogo.

Kupunguza kasi, basi, kunakwendaje? La kwanza ni kushusha presha kwa dawa pale inapohitajika, na kuendelea nayo. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016, uliokusanya majaribio 123, ulionyesha kuwa kila namba ya juu ya presha inaposhushwa kwa pointi 10, kiharusi kinapungua kwa asilimia 27 na vifo kwa asilimia 13. Hakuna chupa ya mezani inayokaribia hapo. Kosa letu kubwa ni kumeza vidonge mwezi mmoja, kupima, kukuta 128, na kutangaza kwamba tumepona.

La pili ni chumvi, na hapa tuna bahati ambayo Wazungu hawana. Kwao chumvi imejificha kwenye mkate na vyakula vya kiwandani. Kwetu sehemu kubwa inatoka kwenye kijiko cha mpishi, kwa hiyo inaweza kupunguzwa jioni hiihii. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na vile vidonge vya mchuzi vinahesabiwa humo. China walijaribu kitu rahisi kwenye vijiji 600: wakabadilisha chumvi ya kawaida kwa ile ambayo robo yake ni chumvi ya potasiamu. Matokeo yake, yaliyotoka mwaka 2021, yalionyesha kiharusi kimepungua kwa asilimia 14. Potasiamu sisi tunaivuna kwenye ndizi, maharage, viazi na parachichi, ambayo mengine tunayasafirisha nje kisha tunanunua vidonge. Ila mwenye ugonjwa wa figo asijiongezee potasiamu bila daktari. Kwake inaweza kuua.

Miguu nayo inafanya kazi yake. Utafiti wa mwaka 2020 uliwapima watu 138 waliokuwa wakijiandaa kwa mara ya kwanza kwa London Marathon, na baada ya mazoezi ya miezi kadhaa ugumu wa aota ulikuwa umepungua sawa na miaka 4 hivi ya umri. Walionufaika zaidi walikuwa wenye umri mkubwa na wakimbiaji wa polepole. Nayasema haya kwa wanaojiandikisha Mbeya Tulia Marathon kwa ajili ya fulana: fulana haina faida, miezi ya kabla yake ndiyo inayo. Kutembea kwa haraka kunatosha kwa wengi. Sigara sina haja ya kuieleza. Rosela, kwa wanaouliza, imewahi kushusha presha kwa pointi 7 katika jaribio dogo la wiki 6 kwa vikombe vitatu kwa siku. Inywe bila sukari, na usiache dawa kwa ajili yake.

Kuna kundi moja ambalo mikoa hii haina budi kulitazama kabla ya mengine. Kwa takwimu za 2022 hadi 2023, Njombe ilikuwa na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, zote juu kabisa kitaifa. Dawa za kufubaza zimefanya kazi yake, na waliodhaniwa watakufa wakiwa na miaka 35 sasa wana 55 na wajukuu. Lakini virusi, hata vikifubazwa, huacha mwili ukiwa katika mapambano madogo yasiyoisha (inflamesheni), na mishipa ya watu hawa huzeeka mapema. Mwaka 2023 utafiti wa REPRIEVE, uliowahusisha watu 7,769 wenye VVU kutoka nchi 12, wenye miaka 40 hadi 75, ulionyesha kuwa kidonge cha statini, dawa ya kushusha lehemu, kila siku kilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Walikuwa watu ambao kwa vigezo vya kawaida wasingepewa dawa hiyo. Asiende mtu kujinunulia statini dukani kwa kusoma hapa, kwani baadhi hugongana vibaya na baadhi ya ARV. Aulize CTC, kliniki anakochukulia ARV zake.

Na CTC ndiyo yenyewe ninayoiona kuwa mahali pa kuanzia. Hakuna huduma nyingine milimani huku inayomfuatilia mtu mzima kwa miaka kumi mfululizo, ikiwa na faili lake, tarehe zake na mtu wa kumpigia simu asipofika. Mwelekeo wa tofauti ya presha, ambao kwa wengine tunaomba uandikwe kwenye daftari la shule, pale ungeandikwa wenyewe. Kinachohitajika ni kiti chenye egemeo, mikanda ya saizi tatu, kwa sababu mwembamba kwenye mkono mnene huongeza namba na mpana kwenye mkono mwembamba huipunguza, na mtaalamu mwenye ruhusa ya kuandika dawa ya presha siku hiyohiyo mgonjwa anapofuata ARV zake, badala ya kumwandikia barua ya kwenda dirisha lingine mwezi ujao.